Nani Amsubiri Nani: Kutazama Tamthilia Pamoja kutoka Kikopey

Programu nyingi za kutazama pamoja mtandaoni hazimtumii rafiki yako video. Wengi hawalijui hilo, ilhali ndilo linaloeleza kwa nini kijana wa Kikopey, kando ya barabara ya Nairobi–Nakuru, anaweza kutazama tamthilia moja na dada yake aliye Dubai, na kwa nini starehe hiyo huharibika upesi.

Chukua Teleparty, iliyoitwa Netflix Party hadi 2020, mwaka ambao korona iliwafungia watu majumbani na programu hiyo ikapata umaarufu. Ilianza kama kiongezi cha kivinjari cha Chrome. Kila mtazamaji hulipia akaunti yake na kuvuta video yake mwenyewe. Kinachosafiri kati ya marafiki ni maneno machache tu: tuko dakika ya 12 na sekunde ya 40, inacheza, sasa mmoja amesimamisha. Mzigo huo ni mwepesi kuliko picha moja ya WhatsApp.

Ugumu uko kwenye saa. Habari ya "dakika ya 12 na sekunde ya 40" ikifika Kikopey kutoka Dubai, tayari imepitwa na wakati. Dawa yake iliandikwa na Flaviu Cristian mwaka 1989: tuma swali, pima muda wa kwenda na kurudi, gawa kwa mbili, kisha ongeza nusu hiyo kwenye saa uliyoletewa. Safari nzima ikichukua milisekunde 300, unaongeza 150. Hesabu hii inategemea kwamba kwenda na kurudi kunachukua muda sawa. Jumamosi jioni, wasafiri wa barabara hiyo wanapoegesha magari kwa wingi Kikopey kula nyama choma, kila mmoja na simu yake kwenye mnara uleule, usawa huo haupo. Hata hivyo kosa lake ni sehemu ya sekunde, na hilo linavumilika.

Lisilovumilika ni video yenyewe kukwama. Hapo ndipo mtengenezaji wa programu analazimika kuamua nani amsubiri nani. Njia rahisi ni kuwasimamisha wote hadi video ya aliyekwama iendelee. Ni ya haki, lakini mtandao ukiyumba mara kumi, watu watano watasimamishwa mara kumi kwa ajili ya mmoja. Syncplay, programu huria ya kompyuta kwa video ambazo kila mtu anazo kwenye mashine yake, ina busara zaidi. Aliyetangulia kidogo hapewi amri ya kusimama. Video yake inapunguzwa mwendo hadi asilimia 95. Kwa dakika moja amerudisha sekunde tatu, na sikio halijagundua. Akitangulia mno ndipo anarudishwa nyuma. Naiona hii kuwa kazi nzuri kuliko zote katika uwanja huu.

Lakini Kenya inatazama kwa simu, na simu ina njia yake isiyohitaji kiongezi chochote. Kila mmoja anapakua kipindi mapema penye Wi-Fi, tuseme sehemu ya kwanza ya Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyoingia Netflix Julai 2022. Usiku wanapigiana simu, mmoja anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanabonyeza. Watu huiona kuwa njia ya kubahatisha. Kiufundi ni imara kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu video iliyopakuliwa haikwami. Saa ya simu ikipotoka kwa sehemu 50 kati ya milioni, baada ya saa nzima imekosea sekunde 0.18 tu. Kosa kubwa ni la mwanzo: sauti inachelewa njiani, na kidole nacho kina uzito wake. Ukijumlisha, ni kama nusu sekunde.

Je, inatosha? Utafiti wa David Geerts na wenzake, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba tofauti ya hadi sekunde moja huenda isitambulike, na kwamba wanaozungumza kwa sauti huitambua mapema kuliko wanaoandikiana. Kwa hiyo nusu sekunde inatosha hata kwa wanaocheka pamoja kwenye simu. Yule dada wa Dubai ana shida nyingine: Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi. Wakitegemea WhatsApp, itabidi "anza" ije kwa maandishi, na wabaki kuandikiana, jambo ambalo kwa bahati nzuri linavumilia ucheleweshaji mkubwa zaidi.

Yapo mambo mawili yanayovunja mpango huu. Kwanza ni kitufe cha kuruka utangulizi: mmoja akikibonyeza na mwingine akaacha, mmeachana. Pili ni matangazo. Rafiki wa Marekani aliye kwenye kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo anaweza kusimamishwa katikati ya kisa huku wa Kikopey akiendelea. Pakueni, kubalianeni kuhusu utangulizi kabla ya kuhesabu, na kila baada ya dakika ishirini hivi mmoja ataje dakika na sekunde aliyofikia. Aliyetangulia ndiye asimame.