Kiko cha Bwana Msa na Simba wa Singida

Kati ya 1946 na 1948, huko Unyaturu, Singida, watu wengi waliokotwa porini na njiani wakiwa wameraruliwa, na neno la kwanza midomoni mwa watu lilikuwa simba. Neno hilo halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa simba wa kweli walikuwapo na walikuwa wakila watu. Neno la pili lilisema kwamba simba hao wana mwenyewe, kwamba yuko mchawi anayewafuga na kuwatuma. Ilichukua muda mrefu, na makaburi mengi, kabla ya uchunguzi kuonyesha kwamba baadhi ya vifo vile vilikuwa kazi ya binadamu waliovalishwa ngozi za simba na kutumwa na binadamu wenzao. Baadhi ya wahusika walifikishwa mahakamani na kunyongwa. Wanyaturu hawakukosa akili wala macho. Walichokosa ni mtu wa kusimama mbele ya maiti na kuuliza ni nani anayenufaika watu wakiamini simba ametumwa. Mchawi akishatajwa, hakuna tena anayeangalia jeraha, na muuaji anakwenda zake.

Swali hilo ndilo roho ya riwaya ya upelelezi, na kwa Kiswahili aliyelijengea nyumba ni Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa 1918 na kufariki 1991. Wapo wanaomkumbuka kama mwandishi wa magazeti, na kweli alihariri Zanzibari tangu 1948, kisha jarida la Mkulima kuanzia 1958. Lakini mimi naona ufundi wake ulianzia kazi aliyoifanya kabla ya hapo kwa miaka kumi katika idara ya afya, kazi ya ukaguzi, ambayo anayeifanya mitaani tunamwita bwana afya. Bwana afya haingii nyumba yenye wagonjwa kutafuta nani kamroga nani. Hufunua mtungi, hutazama choo, huuliza maji yanatekwa wapi. Aliyeishi muongo mzima kwa mtindo huo hawezi kuandika kifo kisichokuwa na chanzo. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 la East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Ndani yake mauti yanatokea penye mzimu, minong'ono inawaelekea wafu wa kale, na mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko mdomoni, anawageukia walio hai.

Ugumu wa kazi hii hauonekani mpaka mtu ajaribu kuifanya. Mtunzi wa upelelezi anajua muuaji tangu ukurasa wa kwanza, na anawajibika kumwonyesha msomaji kila dalili bila kumwonyesha maana yake. Akificha dalili, amemdhulumu msomaji. Akiiweka wazi mno, hadithi imekwisha kabla ya kuanza. Ndiyo maana Bwana Msa hutembea na rafiki yake Najum. Anachokiona Najum nasi tunakiona, anachokikosa nasi tumekikosa, na mwisho hatuna wa kumlaumu isipokuwa haraka yetu wenyewe ya kuhukumu. Ufundi huu wa kusoma dalili si mgeni katika Ugogo wa vumbi, huko Dodoma. Mfugaji anayefuata ng'ombe walioibwa husoma kwato ardhini: wangapi, wamepita lini, wamefukuzwa au wametembea wenyewe. Mwandishi wa Denmark, Peter Høeg, alijenga riwaya yake ya 1992 juu ya jambo hilohilo, mwanamke Smilla anayesoma nyayo za mtoto kwenye theluji ya paa mjini Copenhagen na kukataa kauli ya polisi kwamba ilikuwa ajali. Theluji na vumbi ni mbali, lakini anayesoma nyayo ni yuleyule.

Watasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu. Kiko ni cha Holmes, na rafiki mwenye kushangaa ni wa Holmes, sina haja ya kubisha. Lakini cherehani nayo ilitoka ng'ambo, na hakuna anayesema kanzu iliyoshonwa nayo si yetu. Kisima cha Giningi, ya 1968, haingeweza kuandikwa London, kwa sababu London hakuna anayetishwa na jina la Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi ya Zanzibar. Pingamizi la uzito zaidi ni kwamba riwaya hizi zinadharau imani za wazee. Nalipokea kwa heshima, kisha nawarudisha wenye pingamizi Singida. Imani ya simba wa kutumwa haikuua mtu. Aliyeua ni aliyejificha nyuma yake, na kumfichua ni kuwatendea haki wazee, ambao mizimu yao imetumiwa kufunika damu. Vikongwe waliouawa Kanda ya Ziwa na Tabora kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu ambayo moshi wa jikoni unatosha kuyaeleza, walihitaji jirani mmoja mwenye tabia ya Bwana Msa.

Hapa ndipo ninapotengana kidogo na waandishi waliomfuata Abdulla. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, waliipa riwaya yetu kasi, bastola na wasomaji wengi, na wanastahili shukrani kwa kuwafanya vijana wanunue kitabu kwa fedha yao wenyewe. Ila kasi ina gharama: mpelelezi anayekimbia hana nafasi ya kuchuchumaa atazame chini.

Uwanda wa kati uliwahi kuwa na mwandishi aliyefaa kuchuchumaa. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, Dodoma, alipata kuwa liwali na hakimu, akaandika mila za Wagogo mwaka 1954 na Kisa cha Mrina Asali mwaka 1961. Alisikiliza mashahidi kwa kazi yake, lakini kalamu yake ilikwenda kwenye ushairi na ngonjera, nasi tukafaidika huko. Nafasi ya upelelezi ikabaki. Kwa hiyo wewe kijana uliyeko Dodoma, Manyoni au Singida, unayetafuta kisa cha kuandika, usiagize muuaji kutoka mbali. Anza na maiti ya Unyaturu ya mwaka 1946, uangalie jeraha kabla hujamsikiliza mtu yeyote.