Redio Imekufa, au Waya Ndio Mgonjwa?

Fundi aliitazama redio ya Corolla 110 yangu kwa muda wa kumaliza nusu kikombe cha chai, kisha akatoa hukumu: "Imekufa hiyo, mzee. Nunua nyingine." Ugonjwa ulikuwa huu: ukiongeza sauti, redio inazima ghafla. Ikiwaka tena, stesheni zote ulizozihifadhi zimefutika.

Huko kufutika ndiko kulikonifanya nimkatalie. Katika Toyota za enzi hizo redio hulishwa na nyaya tatu. Wa buluu wenye mstari wa manjano hutoka kwenye betri moja kwa moja na ndio unaotunza kumbukumbu. Wa kijivu hupata moto ufunguo ukifika ACC. Wa kahawia ni ethi. Kosa lingekuwa kwenye wa kijivu peke yake, redio ingezima lakini stesheni zingebaki. Mshukiwa alikuwa wa buluu au wa kahawia.

Multimita ilinidanganya kwanza. Nilichomoa plagi nikapima kati ya nyaya hizo mbili, ikasoma volti 12.5, safi kabisa. Lakini mita huvuta umeme kidogo mno, hata kiungo kilichooza huipa volti zake zote. Nikachukua balbu ya breki ya wati 21, inayovuta karibu ampea 2, nikaiunga mahali palepale. Ikamulika kama mshumaa unaoisha. Nikahamisha mguu mmoja kutoka waya wa kahawia hadi kwenye chuma kitupu cha bodi, ikawaka kwa nguvu. Ethi! Skrubu yake nyuma ya dashibodi ilikuwa imevaa kutu. Nikaisugua kwa msasa, nikaikaza, redio ikaacha kuzima.

Fundi, hata hivyo, hakuwa amekosea kabisa. Spika ya nyuma kushoto ilibaki bubu. Niligusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi ya volti 1.5, ikatoa mlio mfupi, maana yake ni nzima. Nilipoiunga kwenye nyaya za spika ya kulia, iliimba. Basi ilikuwa chipu ya amplifaya ndani ya redio. Chipu hubadilishwa, ila redio hii ilikuwa pia imemeza kaseti na FM yake iliishia 90.

Hiyo 90 si hitilafu. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa FM, na kuanzia 90 hadi 108 zikawa za chaneli za kwanza tatu za televisheni ya analogi. Wengi wetu huweka ekspanda kwenye waya wa antena: ya kushusha 20 huileta Radio Citizen ya Nairobi kutoka 106.7 hadi 86.7. Inafanya kazi, lakini stesheni hukanyagana, na kila mara unapiga hesabu ya kutoa ukiwa kwenye foleni. Sikutaka tena.

Redio mpya niliinunua Luthuli Avenue. Hapa ndipo wengi huziunguza. Kwenye redio mpya wa manjano ni wa betri, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni ethi. Ukifunga wa manjano na mwekundu pamoja kwenye waya wa kijivu, redio itasahau stesheni kila ukizima gari. Ukizifunga pamoja kwenye wa buluu, itabaki macho usiku kucha ikila betri.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye spika. Amplifaya za kisasa hushikilia kila waya wa spika karibu na volti 6, hata ule unaoitwa hasi. Fundi aliyezoea redio za kale, ambazo hasi ya spika ilikuwa ethi tu, huifunga kwenye bodi, na chipu huungua. Mimi nilitumia plagi ya kubadilishia ya Toyota, nikaunga rangi kwa rangi kwa risasi, nikavisha kila kiungo mpira wake. Pale nilipotaka kutumia tepu nyeusi nikakumbuka jua la mchana linavyoigeuza gundi kuwa lami.

Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200, redio ya kawaida 178. Pengo la milimita 11 kila upande lilizibwa na vipande vya plastiki vilivyouzwa kando, na cha kushoto bado kinagongagonga barabara ikiwa mbovu. Redio ya zamani iko kabatini, kaseti ya taarabu ikiwa bado tumboni mwake.