Pat Summitt, kocha aliyedai vyeti

Pat Summitt alikabidhiwa timu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22. Jezi alizifua mwenyewe, gari la timu akaliendesha mwenyewe. Misimu 38 ikampa ushindi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8. Lakini mimi namvulia kofia zaidi kwa hili: kila mchezaji aliyemaliza muda wake wa kucheza mikononi mwake alihitimu masomo. Kila mmoja! Aliwataka waketi safu tatu za mbele darasani; mtoro hakucheza. Mwaka 2011 alitangaza kuwa anaugua Alzheimer, akafundisha msimu mmoja zaidi, kisha akampisha Holly Warlick, mchezaji wake wa zamani.