Vijineno Vinavyotutatiza: Uhakiki wa Ufundishaji wa Vitenzi vya Kiingereza

Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, Samuel Johnson alikwisha kutambua kwamba mgeni anayejifunza Kiingereza hutaabishwa mno na vitenzi vya kawaida vinavyogeuka maana viambatanapo na vijineno vidogo kama "off", "out" na "up". Hata leo vitenzi hivyo hufundishwa kwa orodha za kukaririwa. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mtindo huo, na kudai kwamba msaada tuliouacha nje ya mlango wa darasa ni Kiswahili chenyewe.

Mwandishi wa makala haya hazungumzi kama mtazamaji tu. Alipokuwa akisomea shahada ya pili ng'ambo, aliambiwa kwamba semina fulani imekuwa "called off". Kitenzi "call" alikijua tangu shule ya msingi. Akadhani watu wameitwa. Akaenda, akaketi peke yake chumbani hata alipokuja mfagizi kuzima taa. Orodha alikuwa ameikariri miaka mingi kabla ya hapo. Alichokosa ni mazoea ya kutarajia kwamba kitenzi anachokijua huenda kikawa kimekwisha kuwa kitenzi kingine.

Kasoro ya kwanza ya orodha ni mpangilio. Mwanafunzi hupewa "put off", "put on", "put out", "put up with" kwa mfululizo, akaachiwa kukisia kwamba vina udugu wa maana. Kumbe kuahirisha, kuvaa, kuzima na kuvumilia havihusiani. Kamusi ya Cowie na Mackin ya mwaka 1975 ilipiga hatua kubwa, kwani inaonyesha pia sarufi ya vitenzi hivi na wala haikomi kwenye maana. Lakini imeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa lugha yoyote. Hivyo haiwezi kumwonya wetu mahali hasa atakapojikwaa.

Mahali hapo panajulikana. Kiswahili hutia mwelekeo ndani ya kitenzi: panda, shuka, ingia, toka. Kiingereza huutoa nje na kuukabidhi kijineno. Leonard Talmy alieleza tofauti ya namna hii baina ya lugha za dunia mwaka 1985. Anayesema "simama", "amka" na "anguka" hana sababu ya kuona kwamba "stand", "wake" na "fall" vinapungukiwa na kitu. Ndiyo maana husikika Kenya mtu akisema atakuja "kukupick" saa kumi na moja, na hata azungumzapo Kiingereza kitupu hulidondosha "up". Upande wa pili, yule aliyekwisha kuonywa juu ya vijineno huvipachika pasipohitajika. Hapo huzaliwa "cope up with", kwa kufuata mfano wa "keep up with". Makosa haya mawili yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja: mwanafunzi hajaelezwa kazi ya kijineno.

Na maelezo yapo karibu. Msemaji wa Kiswahili anajua vizuri kwamba nyongeza ndogo huweza kukihamisha kitenzi mbali na shina lake. "Kutumia" hakutabiriki kwa kulitazama "tuma", wala "kumwonea" mtu si kumtazama kwa niaba yake. "Patana" imeiacha "pata" nyuma. Tena tunasema "tupilia mbali" na "futilia mbali", ambapo kauli ya kutendea iliyokaririwa pamoja na kielezi huleta maana ya ukamilifu. Hiyo ndiyo kazi ya "up" katika "eat up" na "use up". Hata suala la mahali pa kiwakilishi, ambalo huwatesa wanafunzi wengi, lina mfano wake: katika "look it up", "it" huingia katikati, kama vile kiambishi cha yambwa kinavyoingia ndani ya kitenzi "nimekitafuta".

Yafaa kukiri kwamba ulinganisho huu una mipaka. Kiambishi chetu cha yambwa huingia katika kila kitenzi kinachochukua yambwa, ilhali Kiingereza hukataa kuitenga "look after". Vilevile Kiswahili hakitaeleza kwa nini "off" na si "out". Hapo kukariri hakuepukiki. Lakini kukariri jambo ambalo asili yake imekwisha kueleweka si sawa na kukariri gizani.

Wapo watakaosema kwamba kuleta Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kuwachanganya wanafunzi. Hoja hii imekaa nasi muda mrefu, na imefanya wengi waamini kwamba lugha yao ni kikwazo cha elimu. Mifano tuliyoitoa inaonyesha kinyume chake. Mwanafunzi huja darasani na sarufi timamu kichwani. Akikatazwa kuitumia, hulazimika kuanza kana kwamba hajawahi kusema neno. Ni wajibu wa idara zetu za lugha za Kiafrika kuandaa maelezo linganishi ya vitenzi hivi kwa ajili ya walimu wa Kiingereza. Kazi hiyo haitafanywa London wala Oxford, kwa sababu inamhitaji mtu anayejua kwa nini "tumia" si "tuma".