Wati 1600 za wapi?

Leo tuchambue ushauri mmoja unaozunguka sana kati ya vijana wetu wenye kutafuta Bitcoin kwa mashine: "Angalia mashine inakula wati ngapi, nunua alimentasio yenye kupita pale kidogo, bei ya chini, mambo imeisha." Ni ushauri mfupi, unapendeza. Lakini ulitungwa kwa nyumba ambayo umeme wake hauchoki. Yetu si ile.

Tuchukue mashine inayojulikana, Antminer S9, yenye kula wati 1300 na kitu. Alimentasio inayoendana nayo ni APW3++, na watu wanasoma juu yake 1600 tu. Someni mstari wote: wati 1600 ni kwa volti 200 mpaka 240. Kwa volti 100 mpaka 120 ni 1200. Kumbe ile namba ni ahadi yenye masharti. Na saa moja ya jioni, wakati avenue nzima inapika, nani kati yetu anaweza kuapa kwamba prizi yake iko na volti 200?

Hapo njo ushauri unaanguka. Volti zikishuka, mashine haipunguzi njaa, alimentasio inavuta ampea zaidi. Wati 1400 kwa volti 230 ni ampea 6 hivi. Kwa volti 170, kama haijajizima, ni zaidi ya 8, na joto mu waya linapanda karibu mara 2. Ralonge inayeyuka usiku, watoto wamelala. Wengine wanajibu: "Weka stabilizateri." Sawa, inapandisha volti mu nyumba. Lakini ule mzigo wote ungali unapita mu waya mwembamba wa kutoka ku nguzo. Stabilizateri haiponyeshi waya.

Kosa la pili: "kupita kidogo" haitoshi. Kompyuta ya ofisi inapumzika, lakini mashine hii haijui usiku wala Siku ya Mungu. Alimentasio isibebe zaidi ya sehemu 4 juu ya 5 za nguvu yake. Kwa wati 1300, tafuta 1625 ao zaidi.

Kosa la tatu ni ile "bei ya chini". Alimentasio yenye kupitisha asilimia 93 itavuta ukutani wati 1400 hivi ili itoe 1300. Ile ya asilimia 85 itavuta 1530. Tofauti ni kama kilowati-saa 3 kila siku, zote zinageuka joto mu chumba, na weye njo unazilipa. Dola ulizookoa dukani zinarudi ku fakture.

Tuseme haki pia: wenye ushauri ule wanasifu alimentasio za seva zilizotumika, na hapo hawakosei. Nyingi ni ngumu na hazipotezi umeme mwingi. Ila nazo ziko na masharti yale yale ya volti.

Mwisho wanatupa mfano wa Virunga, ati "kama kule inawezekana, hata kwetu." Ni kweli, tangu 2020 Hifadhi ya Virunga imeweka mashine za Bitcoin mu makontena kule Luviro, Kivu ya Kaskazini. Lakini ziko karibu na kituo cha umeme wa maji cha hifadhi yenyewe. Wao walianza na mto, mashine ikafuata. Sisi tunaiga mashine, mto tunausahau.

Basi weye mwenye kutaka kuuza kiwanja ununue mashine, azima kwanza multimetri. Pima prizi yako kila jioni, juma moja, na uandike. Kama volti haifiki 200, usitafute alimentasio yenye namba kubwa zaidi. Chunga kiwanja chako.