Mwomboko Urudi Sakafuni

Karing'aring'a, ile pete ya chuma, ikishagongwa na kodiani ikaitikia, wachezaji hushikana wawili wawili: hatua mbili, magoti yanakunjwa, wanageuka. Huo ndio mwomboko, ngoma ya Wakikuyu iliyochipuka enzi za ukoloni. Vijana waliona walowezi wakicheza waltz na dansi za Kiskoti, wakachukua ule mshiko wa jozi na kodiani yenyewe, wakavitia katika nyimbo zao.

Ufundi wake uko magotini. Anayekunja mapema humwacha mwenzake akining'inia. Anayechelewa huvuruga mgeuko. Mchezaji hodari hasikilizi kodiani peke yake, humsikiliza pia aliye mikononi mwake.

Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ilijua kucheza hivyo kwa jozi. Pumwani ilikuwa na Memorial Hall, iliyojengwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, nao ulijengewa ukumbi wake. Katika kumbi za mitaa hii watu wa makabila mbalimbali walivaa suti na gauni wakacheza dansi. Waluo walikuja mjini na kodiani yao, onanda.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walisombwa kwa maelfu kutoka mitaani, wengi wakaishia vizuizini. Jozi zikatenganishwa.

Lakini ngoma haikufa. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliucheza mwomboko katika *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kabla serikali haijaipiga marufuku.

Leo mwomboko huonekana zaidi kwenye sikukuu za taifa, wazee wakicheza mbele ya wageni waalikwa. Heshima hiyo ni njema, ila haitoshi: ngoma ya jozi huishi kwa kuchezwa, si kwa kutazamwa. Inawezekana: Ufaransa, tangu miaka ya 1970, wapenzi wa dansi za jadi kama mazurka na bourrée wamezirudisha dansi hizo kumbini. Mara nyingi wageni hufundishwa hatua kwanza, ndipo bendi ianze.

Kaloleni inaweza kufanya hivyo. Ukumbi upo, na vijana waliolelewa na muziki wa gengetoni wana miguu myepesi. Viti visogezwe ukutani, wazee wanaoujua mwomboko waalikwe kama walimu, na kila kijana ashikane kwanza na mzee, kisha na kijana mwenzake, mpaka magoti yakunjwe pamoja.