Trei Bila Kebo: Upungufu wa Modeli za Taarifa za Majengo

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Uingereza imedai modeli za taarifa za majengo katika miradi inayogharimiwa na serikali kuu. Sifa kuu ya modeli hizo ni kubaini mgongano wa mabomba, mihimili na trei za kebo kabla ya ujenzi kuanza. Hata hivyo, aghalabu modeli huishia kwenye trei. Kebo zenyewe hazimo.

Upungufu huo hautokani na viwango. Mfumo wa IFC, uliochapishwa kama ISO 16739 mwaka 2013, hutenganisha kebo na kile kinachoibeba. Kasoro imo katika mikataba isiyodai taarifa za kebo. Athari yake si ndogo: kebo ya shaba kutoka chumba cha vifaa vya mawasiliano hadi soketi haitakiwi kuzidi mita 90, zikihesabiwa kwa kufuata kila kona, mpando na mshuko. Trei tupu haionyeshi kama ukomo huo umevukwa, wala kama nafasi itatosha.

Kwa hiyo, mwongozo wa zabuni unaodai modeli pasipo kutaja kebo hununua picha ya jengo, si taarifa zake.